Alikwenda Kliniki Kutafuta Ugonjwa wa Ng'ombe

Asubuhi ya Julai huku Moselesele baridi haina adabu. Maji yaliyolala kwenye birika la kunyweshea mifugo yameganda juu, na ng'ombe wanaigonga barafu kwa pua, wananuna, kisha wanamgeukia Mosimanegape Lebang kana kwamba yeye ndiye aliyeiweka.

"Ngojeni, jamani, ngojeni," anawaambia. "Hata mimi sijanywa chai."

Ameinama mbele ya injini ya dizeli ndani ya kibanda cha mabati. Anaupapasa mkanda kwa vidole, anaukaza, anaupapasa tena. Halafu anashika hendeli kwa mikono miwili na kuizungusha. Injini inakohoa, inatema moshi mweusi, inashika. Kule kwenye tangi maji yanaanza kumwagika, na ng'ombe wanasukumana.

Anapapasa kwa sababu jicho lake la kushoto halioni. Nyayo nazo zimekufa ganzi. Akikanyaga mwiba, anajua akishaona damu. Jicho na nyayo ndiyo gharama aliyolipa kwa kuchelewa kujua kwamba ana virusi vya Ukimwi.

"Na mimi nimepunguziwa," anasema. "Wapo waliolipa vyote."

Mosimanegape, ambaye hapa kila mtu humwita Gape, ana umri wa miaka arobaini na tisa. Ni mtu wa mashine wa kisima hiki kirefu kilichoko magharibi ya Shoshong. Wenye kisima ni kundi la wafugaji, wengi wao wana kazi zao mjini na huja Jumamosi na pikapu kuangalia mali. Wanamlipa pula elfu moja na mia nane kwa mwezi, pamoja na unga wa mtama na maziwa kadiri tumbo lake linavyoruhusu. Yeye mwenyewe ana ng'ombe saba. Walikuwa tisa, wawili waliishia kwa waganga.

Habari za ugonjwa wake anazisimulia kama anavyosimulia habari za pampu: nini kiliharibika, nani alishauri upuuzi, nani alitengeneza. Sauti inambadilika anapofika kwa mtu mmoja tu, naye ni Segametsi.

Segametsi Ntsima alifika Moselesele miaka sita iliyopita kuwapikia mafundi waliokuwa wakijenga uzio. Jina lake maana yake ni mchota maji, na watu hawakumwacha hivi hivi. "Mtu wa mashine kapata mchota maji," walicheka. "Sasa tangi halitakauka." Mafundi walipomaliza uzio wakaondoka. Segametsi akabaki.

Alikuwa mjane. Mumewe aligonga punda kwenye barabara kuu, akafa palepale. Segametsi alivaa nguo nyeusi mwaka mzima kama inavyotakiwa, akazivua, lakini wakwe zake hawakumleta mganga wa kumwosha, kwa kuwa walikuwa wakigombana naye juu ya ng'ombe wa marehemu. Na mjane asiyeoshwa, kwa watu wa huku, bado ana moto mwilini. Mwanamume akilala naye hupatwa na ugonjwa unaoitwa boswagadi: atakohoa, atakonda, atavimba miguu, atakufa. Mjane huyo hata njia za ng'ombe hatakiwi kuzikatiza bila kudondosha vipande vya mzizi wa dawa, ama sivyo ng'ombe watatupa mimba.

"Nilijua yote hayo," anasema Gape, akiniita Rra, yaani bwana. "Nani asiyejua? Lakini mapenzi, Rra, hayaulizi kama umeoshwa."

Waliishi vizuri zaidi ya mwaka. Kisha Gape akaanza kukohoa. Usiku alitoka jasho mpaka blanketi likawa la kukamua. Suruali ikaanza kumkimbia kiunoni, akaifunga kwa waya wa uzio.

Shangazi yake, Gabaitse, alipopanda pikapu kutoka Shoshong kuja kumwona, hakuhitaji kuuliza mengi. Gape anaukumbuka mkutano ule wa jikoni neno kwa neno.

"Wewe, mama, ulioshwa na nani?" Shangazi alimuuliza Segametsi.

"Sijaoshwa, Shangazi. Wakwe zangu wamegoma."

"Wamegoma! Na wewe ukaona kijana wetu ndiye awe beseni lako la kuogea?"

Segametsi aligeuza uji mzito kwenye sufuria, akapakua, akampa mgeni sahani yake kwa mikono miwili. Shangazi hakuigusa.

Msimu huohuo ng'ombe wakaanza kutupa mimba. Zizi la kwanza, zizi la pili, la tatu. Ndama walitoka hawajaota hata manyoya. Wenye kisima wakaja Jumamosi, wakakaa kikao kivulini mwa tangi, na mmoja wao, mtu wa ofisini mwenye tai, akasema kilichokuwa mioyoni mwa wote: mwanamke yule anakatiza njia za ng'ombe kila siku ya Mungu kwenda kuchota maji, na hadondoshi chochote.

Aliambiwa aondoke. Gape alikuwepo kikaoni, amejifunika blanketi.

"Nilinyamaza," anasema. "Nilikuwa na homa, ndiyo. Lakini mdomo haukuwa na homa."

Segametsi alifunga mzigo wake, akapanda nyuma ya pikapu ya mtu mwenye tai, akaenda kwao, kijiji kisichokuwa mbali na Mahalapye. Nilimkuta hukohuko, kando ya stendi, anakaanga maandazi. Nilimuuliza kama nibadilishe jina lake katika makala haya. Alicheka mpaka wateja wakageuka.

"Andika jina langu, Rra. Walishalitangaza bila kuniuliza. Wewe angalau umeuliza."

Kilichofuata baada ya kufukuzwa anakieleza kwa maneno machache. "Niliambiwa nina kitu mwilini kinachoua wanaume. Sikubisha. Nilisema sawa, ngoja nikakiangalie hicho kitu ni nini." Alishuka kwenye pikapu, akalala kwa dada yake, asubuhi akaenda kliniki akanyoosha kidole. Alikutwa na virusi. Wiki hiyohiyo akaanza dawa. Hakuwa amekonda, hakuwa amekohoa. Mpaka leo hajalala kitandani siku moja kwa ajili ya ugonjwa huo, na kipimo hakivioni tena virusi katika damu yake.

Jambo la pili alilofanya wiki ile lilikuwa kumtumia Gape salamu kupitia dereva wa lori la dizeli. Salamu zilikuwa fupi: mwambieni Gape nimepimwa, ninavyo, naye aende akapimwe.

Hapa, msomaji, ndipo mtu anapotaka kushika kichwa. Salamu zilifika salama. Dereva hakusahau wala hakuongeza chumvi. Alimwambia Gape mbele ya shangazi, na shangazi akapiga makofi.

"Mmesikia? Amekiri mwenyewe!"

Kwa watu wa huku, kesi ikishakuwa na mtu aliyekiri, baraza linafungwa na kila mtu anakwenda kwake. Mjane amesema anacho. Basi ni kweli alikileta. Kilichobaki ni kumtafuta mganga wa kukitoa. Sehemu ile ya "naye aende akapimwe" ilidondoka njiani hapo hapo jikoni, na hakuna aliyeinama kuiokota.

"Hata mimi nilisema hivyohivyo," anakubali Gape. "Nilisema, mwanamke amenipa ugonjwa, halafu ananielekeza na dawa? Nilikasirika kweli."

Mganga wa kwanza alichukua ng'ombe mmoja. Alimwogesha Gape kwa majani, akamchanja, akamkataza chumvi. Gape akachinjiwa mbuzi, akapumzika, akapata nguvu mwezi mzima. Watu wakasema umeona. Kisha kikohozi kikarudi na wenzake. Mganga wa pili alisema wa kwanza alikosea mizizi, akachukua ng'ombe wa pili. Mdomo wa Gape ukajaa utando mweupe, akawa hawezi kumeza hata uji bila machozi. Miguu ikaanza kuwaka moto, halafu ikaacha kuhisi kabisa. Katika jicho la kushoto akaanza kuona vitu vyeusi vinaruka kama inzi, akawa anavifukuza kwa mkono, na watu wakaanza kuogopa.

Zaidi ya miaka miwili ilipita hivyo. Kliniki ilikuwa palepale siku zote, kwa gari ni safari ya saa moja na nusu. Dawa hazilipiwi. Nasema haya kwa hasira, na sioni sababu ya kuificha.

Siku hizo jirani ndiye aliyekuwa akizungusha hendeli. Gape aliketi juu ya pipa lililopinduliwa akimwelekeza: kaza, legeza, sikiliza, hiyo si sauti yake.

Lakini lilikuwepo jambo moja ambalo watu wa Moselesele hawakupenda kulitaja. Mjane alikwishaondoka muda mrefu, wala vumbi la miguu yake halikuwepo tena, na ng'ombe bado walikuwa wanatupa mimba.

Aliyechoka kwanza ni yule mtu mwenye tai. Alipoteza ndama wengi kuliko wenzake. Akampigia simu bwana mifugo.

Othusitse Kebonang, afisa mifugo, alikuja na vijaluba vya vichupa na sindano. Ng'ombe wote walipitishwa kwenye kibanio, kijia chembamba cha kuwabania, mmoja mmoja, wakatolewa damu. Gape alibebwa pamoja na kiti chake akawekwa pembeni ya kibanio, kwa maana hakuna mwingine aliyemjua kila ng'ombe kwa rangi, kwa pembe na kwa mwenye mali. Alikaa pale kutwa, mifupa mitupu ndani ya koti, akitaja: huyu wa Rra Motlogelwa, huyu wa mjane wa kanisani, huyu mkorofi wangu.

"Ng'ombe wote wa Moselesele walipimwa damu kabla yangu," anasema Gape. "Na mimi ndiye niliyekuwa nawaita majina."

Othusitse aliporudi na majibu, watu walikusanyika tena kivulini mwa tangi. Akawaambia ni ugonjwa wa kutupa mimba, una vimelea vyake, unajulikana. Walioambukizwa wachinjwe, mitamba ichanjwe.

Mzee mmoja akainua mkono. "Na yule mjane, Rra, umemkuta ndani ya hizo damu?"

"Mzee wangu, mimi nimetafuta vimelea," Othusitse akajibu. "Mjane sikumtafuta."

Watu walicheka, lakini si kwa sauti kubwa. Kisha akaongeza kwamba anayekunywa maziwa mabichi ya ng'ombe wenye ugonjwa huo naye anaweza kuupata. Ataona homa, jasho la usiku, maumivu ya viungo, kukonda. Hakuwa amemaliza sentensi na macho yote yalikwishamwangukia Gape kwenye kiti chake.

Nilimuuliza Gape alijisikiaje wakati ule. Alinijibu huku akijipiga paja.

"Nilifurahi, Rra! Nilitaka kupiga vigelegele. Ugonjwa wa ng'ombe! Huo ni ugonjwa wa mwanamume anayefanya kazi. Hakuna mtu atakayekunong'ona msibani kwako. Nikasema, leo leo nipelekeni kliniki."

Shangazi Gabaitse alikubali mara moja, na yeye mwenyewe ndiye aliyetandika godoro nyuma ya pikapu, katikati ya mapipa ya dizeli, akapanda akampakata kichwa njia nzima. Kwa boswagadi asingekubali kliniki. Kwa ugonjwa wa ng'ombe alikubali.

Nesi aliyewapokea ni Chedza Mbulawa, Mkalanga wa kaskazini, mwanamke mnene mwenye ulimi mwepesi. Anayakumbuka mazungumzo yao na huyasimulia kwa sauti mbili, yake na ya Gape.

"Shida nini, Rra?"

"Nina ugonjwa wa ng'ombe, Mma."

"Nani kakupima?"

"Bwana mifugo."

"Kakupima wewe?"

"Kapima ng'ombe."

"Na wewe ulikuwa kwenye foleni yao?"

Alimfungua mdomo akaona ule utando. Akamtazama jicho, akamgusa nyayo kwa kalamu akaona hashtuki. Hakumwambia lolote la kumwaibisha. Alimwambia: "Huo wa ng'ombe nitakupima, damu yako itakwenda maabara na itachukua siku. Lakini hapa nina kipimo kingine cha haraka. Nipe kidole tuanze na hiki." Gape akatoa kidole.

Majibu yalipotoka, Nesi Chedza alimwambia waziwazi kwamba ana virusi vya Ukimwi na kwamba amechelewa sana, lakini hajachelewa kabisa.

"Sawa," Gape alisema. "Na ule wa ng'ombe?"

Ule wa ng'ombe, majibu yalipofika, hakuwa nao.

"Nilisikitika," Gape anasema, na safari hii haelewi mwenyewe kama anacheka. "Nilikuwa nimeutegemea."

Chembe za kinga, ambazo kwa mtu mwenye afya huhesabiwa mia tano na kwenda juu, kwake zilikuwa ishirini na sita. Alikuwa pia na kifua kikuu. Alipelekwa hospitali, akaanzishiwa kwanza dawa za kifua, baada ya wiki chache akaongezewa za kufubaza virusi, na mwili ukachafuka zaidi kabla ya kutulia. Shangazi alilala sakafuni chini ya kitanda chake. Alimwosha, akamlisha mtindi kwa kijiko, akagombana na wauguzi kuhusu chumvi. Lazima hilo nalo liandikwe.

Nesi Chedza hamshangai Gape hata kidogo. "Wanawake tunawapata kwenye mimba," anasema. "Wanaume tunawapata kwenye machela. Dawa tunazo kabatini. Kinachowashinda ni mlango. Wanataka sababu ya kuupita bila watu kuwatazama. Mimi sibagui sababu. Aje na ugonjwa wa ng'ombe, aje hata na wa kuku, nitamkaribisha aketi."

Ni yeye pia aliyemuuliza Gape swali ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza kwa miaka yote ile: kabla ya kikohozi, uliwahi kuugua nini?

Gape alifikiri. Akasema hakuwahi kuugua kitu, ila mkanda wa jeshi tu, ulimzunguka ubavu na kumchoma kama pasi. Ulipona.

"Lini?"

Miaka mingi, akasema. Ule mwaka wa mafuriko. Nesi wa wakati ule alimwambia apime damu, naye akaona ana ng'ombe wa kunywesha.

"Mkanda ule ulikuwa unabisha hodi, Rra," Nesi Chedza akamwambia. "Virusi vilikwishaingia."

Gape alianza kuhesabu mwenyewe kitandani. Mwaka wa mafuriko. Mwaka wa uzio. Uzio ulikuja baadaye sana. Mwaka wa mafuriko hakuwa hata amelisikia jina la Segametsi.

Anaponieleza hapo anaacha kuniangalia. Anaokota kipande cha barafu kwenye birika, anakitupa.

"Nililia. Si kwa sababu ya kufa, kufa nilikwishakuzoea. Nililia kwa sababu nilimtazama yule mwanamke akipanda pikapu na mzigo wake kama mwizi, na mwizi nilikuwa mimi nimejifunika blanketi."

Nesi Chedza hupenda kusema virusi havina risiti, na kwamba hakuna kipimo kitakachoonyesha nani alimpa nani. Huenda Segametsi alivipata kwa marehemu mumewe. Segametsi anasema alipimwa alipokuwa na mimba ya mwanawe wa mwisho, na hakuwa navyo. Zaidi ya hapo hajui. Gape hataki kusikia huenda. "Nadhani ni mimi," anasema. "Najipa mimi hesabu hiyo, si yeye."

Miaka miwili imepita tangu siku ile ya godoro na mapipa. Gape amenenepa, amerudi kwenye mashine yake, na dawa humeza alfajiri kabla ya kuzungusha hendeli. "Kwanza mimi, halafu injini," anasema. "Tukizimika sote wawili, ng'ombe watanilaani."

Lakini Segametsi bado hajapona jina. Habari za mjane wa Moselesele zilisafiri na malori. Mwaka jana, kwenye msiba wa jirani yake, alimmiminia chai mgeni wa Shoshong, na mgeni akaomba kwa upole ajimiminie mwenyewe. Wapo wanaopita kwenye maandazi yake wakanunua kwa mwenzake wa pili, ambaye, nimeonja, hajui kukaanga.

Ndiyo maana Gape ana mpango. Mwezi ujao mjomba wake atakwenda kwa ndugu za Segametsi na ng'ombe mmoja, na Shangazi Gabaitse atakwenda naye. Lazima aende, kwani kwa desturi tusi hufutwa na mdomo uliolitoa, mbele ya watu, na kwa sauti. Kwa mwaka mzima shangazi alikataa.

Nilimtembelea Shoshong nikamkuta anapepeta mtama. Ana miaka sabini na kitu na hana haraka na mtu.

"Mimi nilisema nilichofundishwa," aliniambia. "Boswagadi ipo."

"Na Gape je?"

"Gape alikuwa na kingine."

"Na ng'ombe?"

"Ng'ombe nao walikuwa na kingine."

"Sasa mwenye boswagadi ni nani, Shangazi?"

Alisimamisha ungo, akafikiri kwa haki kabisa. "Yupo," akasema. "Hamjamtafuta."

Hata hivyo atakwenda. Ameshachagua nguo ya kuvaa. Hatasema boswagadi haipo, amenionya nisije nikaandika hivyo. Atasema kwamba Segametsi hakuua mtu wala ng'ombe, kwamba salamu zake zilikuwa dawa na wao wakazifanya ushahidi, na kwamba yeye, Gabaitse, alikataa sahani ya uji iliyotolewa kwa mikono miwili. Atakapolisema hilo, na watu wakawa wamesikia, atakula chochote atakachopewa nyumbani kwao.

Nilimfikishia Segametsi habari hizo stendi. Hakuacha kugeuza maandazi.

"Ng'ombe waje, sisi nyama tunakula," alisema. "Na huyo mama aje. Nimemngoja muda mrefu."

Nikamwambia Gape amenituma na la pili. Kwamba jambo la kwanza likiisha vizuri, mjomba angependa kurudi tena siku nyingine na ng'ombe wengine, kwa shughuli ya namna nyingine.

"Nilijua," alisema. Aliopoa andazi, akaliweka kwenye karatasi, akanipa, akakataa hela.

"Mwambie hivi. Nguo nyeusi nimeshazivaa mara moja, na zinawasha. Kama ananitaka, ameze dawa zake kila siku inayokuja, na ahakikishe mimi ndiye ninayetangulia kufa. Asinivishe zile nguo tena. Hilo tu."

Nilirudi Moselesele nikamkuta Gape kibandani. Aliizima injini ili asikie vizuri. Nikamwambia. Akaniomba nirudie, nikarudia.

"Yaani mimi nimzike yeye."

"Ndivyo alivyosema."

Aliweka mkono juu ya injini iliyokuwa bado ya moto. Nje ng'ombe walianza kulalamika.

"Bibi yake alifika miaka tisini na sita," akasema. "Wanawake wa kwao hawafi. Itabidi niishi sana, Rra."